Silabi Sita za Septemba

Ijumaa, tarehe 1 Septemba 2017, tulijazana kwa kinyozi mmoja hapa Kondele, redio juu ya rafu, mashine zote zimezimwa. Jaji Mkuu David Maraga alikuwa anasoma uamuzi wa Mahakama ya Juu kuhusu kura ya urais ya Agosti 8. Majaji wanne dhidi ya wawili: uchaguzi umefutwa, urudiwe ndani ya siku 60. Nje, watu wa boda wakaanza kupiga honi.

Mzee aliyekuwa kitini, kichwa nusu kimenyolewa, akaniuliza, "Kijana wa shule, hiyo 'irregularities' ni nini?"

Nikamwambia ni kasoro.

Baadaye chuoni, kabla karo haijanishinda, tulifundishwa kukata maneno. Ir-reg-u-lar-i-ties. Silabi sita, mkazo mkuu juu ya ile ya nne. Kwenye "regular" mkazo uko mwanzoni kabisa. Ukiongeza "-ity", unavutwa hadi silabi inayotangulia kiambishi hicho. Kiswahili hakina mchezo huo, mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana wasee wa Kondele walisema "iregulariti", wakakaza "ri", na tukaelewana tu.

"Ir-" ni ile "in-" ya Kilatini, yaani "si", iliyogeuzwa na "r" inayoifuata. Katikati kuna "regula", kijiti kilichonyooka cha kupimia. Hata rula ya seremala imetoka huko. Basi ni mambo yasiyonyooka.

Lakini nani aliyapinda? Neno lenyewe halisemi. Kasoro yangu pia haisemi: shati likiwa na kasoro, hakuna anayekamatwa. Ningemwambia mzee "ukiukaji". U-ki-u-ka-ji. Ndani mna kitenzi "kiuka", kuvuka mpaka, na ukilisikia lazima uulize ni nani aliyevuka. Majaji wenyewe, tuwape haki yao, waliitaja tume ya uchaguzi.

Kura ilirudiwa Oktoba 26. Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori haikufanyika.

Na mwezi Agosti, kabla ya uamuzi, mtoto wa miezi sita alipigwa na polisi huko Nyalenda, akafariki. Mwaka wa 2019 uchunguzi wa mahakama ulisema polisi ndio waliohusika. Hilo halikuwa kwenye kesi iliyosomwa redioni.

Mzee yule alikuwa wa Nyalenda. Sijamwona tena nimpe neno lingine.