Sanaa ya sauti na vijana wa vitani

Sanaa ya sauti ni ubunifu ambao malighafi yake ni sauti yenyewe: mazungumzo, kelele za mtaa, mngurumo wa ndege, hata kimya. Msanii huinasa, huikata, huipanga upya na kuwasikilizisha watu kupitia spika, redio au vifaa vya masikioni. Mmisri Halim El-Dabh alikwisha kufanya hivyo mwaka 1944 mjini Cairo, alipoazima kinasa sauti cha waya, akarekodi ngoma ya kupunga pepo na kuichezea sauti yake studioni. Makala hii inahusu tawi moja tu la sanaa hiyo, lile linalogusa vijana walioathiriwa na vita na utawala wa bunduki.

Husemwa mara nyingi kwamba sauti inafaa kazi hii kwa kuwa inamficha msemaji: kijana aliyetoroka jeshi la waasi anaweza kusimulia bila uso wake kuonekana. Maelezo hayo yana kasoro. Sauti haimfichi mtu kwa wanaomjua. Mama humtambua mwanawe kwa kikohozi tu. Kazi zenye uzito katika tawi hili zimejengwa juu ya utambuzi huo, iwe ni wa mtu au wa silaha iliyomlenga.

Kwa upande wa silaha, mfano unaotajwa sana ni wa Beitunia, Ukingo wa Magharibi. Tarehe 15 Mei 2014, siku Wapalestina wanapoadhimisha Nakba, yaani maafa ya kufukuzwa makwao, Nadeem Nawara, miaka 17, na Mohammad Abu Daher, miaka 16, waliuawa kwa risasi wakati wa maandamano karibu na gereza la Ofer. Jeshi la Israel lilisema zilitumika risasi za mpira tu. Baba yake Nadeem akaikuta risasi ya moto ndani ya mkoba wa shule wa mwanawe.

Tawi la Palestina la Defence for Children International liliomba msaada wa Forensic Architecture, kikundi cha watafiti kilichoko chuo cha Goldsmiths, London, nacho kikamshirikisha Lawrence Abu Hamdan, msanii aliyezaliwa Amman mwaka 1985. Video za tukio zilikuwapo, ila jicho halikuweza kusema ni risasi gani iliyotoka. Abu Hamdan alichukua milio ya bunduki kwenye video hizo na kuigeuza spektrogramu, yaani picha inayoonyesha nguvu ya sauti nzito na nyembamba kadiri muda unavyokwenda. Risasi ya mpira hufyatuliwa kupitia kipande maalumu kinachofungwa mdomoni mwa mtutu. Risasi ya moto ikipitishwa humo humo, mlio wake hufifia na sikio la kawaida hudanganyika. Kwenye picha tofauti inajitokeza, na hitimisho lake lilikuwa kwamba vijana wale walipigwa risasi za moto. Askari mmoja wa polisi wa mpakani alihukumiwa kwa kifo cha Nadeem kifungo cha miezi 9 mwaka 2018, na Mahakama ya Juu, katika rufani, ikakifanya miezi 18.

Kutokana na uchunguzi huo Abu Hamdan alitengeneza maonyesho ya Earshot, yaliyofanyika Portikus, Frankfurt, mwaka 2016, pamoja na filamu fupi ya Rubber Coated Steel. Filamu imepigwa ndani ya uwanja wa kujifunzia shabaha, na mahali pa vibao vya shabaha zimetundikwa spektrogramu. Kesi ya kubuni inaendeshwa kwa maandishi chini ya picha, na mtazamaji hasikilizishwi mlio hata mmoja wa bunduki zinazojadiliwa. Uamuzi huo ni wa busara kuliko ule wa wasanii wengi wanaomwagia hadhira milipuko kwa sauti ya juu, kana kwamba kushtuka ndiko kuelewa.

Mbinu hiyo hiyo ilirudi mwaka 2024 katika uchunguzi wa mauaji ya Hind Rajab, mtoto wa miaka 5 wa Gaza. Tarehe 29 Januari mwaka huo binamu yake wa miaka 15 alikuwa akizungumza kwa simu na Hilali Nyekundu ya Palestina kutoka ndani ya gari lililokwama, na simu ikanasa risasi zaidi ya 60 katika sekunde 6 hivi. Kasi ya milio ilisaidia kutambua aina ya silaha.

Upande wa kumtambua mtu unatupeleka kaskazini mwa Uganda. UNICEF ilikadiria kwamba waasi wa LRA wa Joseph Kony waliteka watoto wasiopungua 25,000 katika miaka ya vita. Sheria ya msamaha ilipitishwa mwaka 2000, lakini waliokuwa msituni waliambiwa na makamanda kwamba msamaha ni mtego na kwamba anayerudi huuawa. Karatasi za matangazo zilizodondoshwa na jeshi hazingeweza kuishinda hofu hiyo. Redio iliweza. Mega FM, iliyoanza Gulu mwaka 2002, ilirusha kipindi cha Kiacholi cha Dwog Cen Paco, maana yake rudi nyumbani. Waliotoroka waliketi mbele ya maikrofoni, wakajitaja na kuwaita wenzao waliobaki. Aliyekuwa msituni alimjua msemaji kwa sauti, akajua kwamba yu hai. Makamanda nao wakapata jibu: eti wasemaji walirekodiwa kwanza, kisha wakauawa. Ndiyo maana sauti ile ile ilihitaji kusikika tena na tena.

Wapo watakaokataa kukiita kipindi hicho sanaa. Kimewekwa humu kwa sababu hakuna onyesho la makumbusho lililotegemea sikio kiasi hicho, wala lililokuwa na wasikilizaji wenye cha kupoteza kama wale. Wachumi Alex Armand, Paul Atwell na Joseph Gomes walichapisha mwaka 2020 utafiti unaoonyesha kwamba matangazo ya namna hiyo yaliongeza idadi ya waasi waliojisalimisha na kupunguza vifo. Baadaye, LRA ilipohamia Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati, ujumbe wa waliorudi ulichezwa pia kwa vipaza sauti kutoka kwenye helikopta juu ya misitu.

Swali la haki ya sauti hizo halijapewa nafasi inayostahili. Kijana wa miaka 16 aliyetoka msituni jana hawezi kukadiria maneno yake yatafika wapi, na jina lake likishatangazwa hewani halirudi.

Sauti iliyonaswa yaweza pia kutumika dhidi ya mwenyewe, kama ilivyokuwa kwa Dominic Ongwen. Alitekwa akiwa na miaka 9 hivi, akakulia LRA hadi kuwa kamanda. Alipojisalimisha Januari 2015 alirekodiwa akiwasihi wenzake watoke msituni. Katika kesi yake ya The Hague iliyoanza Desemba 2016, upande wa mashtaka ulicheza mazungumzo ya redio za upepo yaliyonaswa na vyombo vya usalama vya Uganda miaka ya vita, na mashahidi waliowahi kuishi naye wakaitwa kuitambua sauti yake. Mwaka 2021 alihukumiwa miaka 25.