Tuzo kwa Mmoja, Santuri kwa Wengi

Mwaka 1999 kampuni ya Def Jam ya New York ilitoa albamu ya mkusanyiko iliyobeba jina la tuzo za hip hop za jarida la The Source, zilizoanza 1994. Usiku wa tuzo kila kikombe huenda kwa mshindi mmoja. Albamu ile iliwaweka pamoja wasanii wengi waliovuma wakati ule, katika diski moja. Mwaka uliofuata sherehe ilivunjika huko Pasadena kwa sababu ya ngumi, lakini diski ya 1999 bado inasikilizwa.

Afrika Mashariki nako mambo haya mawili yalitembea jirani. Tedd Josiah, mmoja wa waanzilishi wa tuzo za Kisima nchini Kenya mwaka 1994, ndiye pia aliyewakusanya vijana wa Nairobi katika albamu ya Kenyan: The First Chapter mwaka 1998. Tanzania ilianza tuzo zake 1999, na baadaye zikachukua jina la bia ya Kilimanjaro iliyozidhamini. Baada ya 2015 zilisimama, hadi Baraza la Sanaa la Taifa lilipozirudisha 2022. Tuzo huishi kwa mdhamini. Fedha ikikatika, ukumbi hufungwa. Mkusanyiko ukishatoka hauhitaji tena ruhusa ya mtu.

Hata hivyo, tujiulize nani hukusanya. Mkusanyiko wa rap ya Kitanzania uliotufikia kwa urahisi huku Ulaya, Bongo Flava: Swahili Rap from Tanzania wa 2004, ulitolewa na kampuni ya Out Here ya München. Tunawashukuru. Lakini anayechagua nyimbo ndiye anayeamua nani akumbukwe, na Mjerumani alichagua kwa ajili ya wasikilizaji wake.

Sisi tunaoishi Rågsved tuna sababu ya kulifikiria hili. Katika mtaa huu, uliofikiwa na treni ya chini ya ardhi mwaka 1959, vijana waliunda kundi la punk la Ebba Grön mwaka 1977. Santuri zao zipo, na kila Mswidi wa rika letu anawajua. Watoto wetu wanawajua pia The Latin Kings wa Botkyrka, walioleta Kiswidi cha mitaa ya wahamiaji katika albamu yao ya 1994. Wakituuliza sisi tulikuwa na nani, jibu lipo: mwaka 1995 tu, 2Proud alitoa Ni Mimi kwa Kiswahili. Wazee wengi waliuita muziki ule uhuni. Kijana huyo, Joseph Mbilinyi, alichaguliwa mbunge wa Mbeya Mjini 2010, na Profesa Jay akafuata 2015 kwa jimbo la Mikumi.

Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya muziki wa miaka ile ilisambazwa kwa kanda, na nyingi tulizosafiri nazo zimelala katika stoo za chini ya majengo yetu. Kihandisi, kanda ni unga wa sumaku uliogandishwa kwa gundi juu ya utepe wa plastiki. Unyevu huilegeza gundi, unga ukabanduka, na sauti iliyotoka na unga huo hairudi. Hakuna fundi wa kuirudisha.

Waswahili wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tunapendekeza tukusanye wenyewe. Kila mwenye kanda aitoe stoo, aiweke mahali pakavu, aandike jina la msanii, wimbo, mwaka, studio, na mahali aliponunua. Kisha tuzinakili kwenye kompyuta, kwa matumizi yetu na ya watoto wetu, bila kuuza, maana haki ni ya wasanii. Tusichague washindi. Aliyeimba wimbo mmoja akarudi dukani kwake Kariakoo naye aandikwe.

Aliye na kanda iliyokatika asiitupe. Utepe huunganishwa, na deki ya kuuchezesha tutaitafuta.