Lucy Gichuhi: Kutoka Nyeri hadi Seneti ya Australia

Lucy Gichuhi, mzaliwa wa kijiji cha Hiriga, kaunti ya Nyeri nchini Kenya, ndiye mtu mweusi wa kwanza mwenye asili ya Afrika kuingia katika bunge la taifa la Australia. Alihamia Adelaide na familia yake mwaka 1999, akapewa uraia mwaka 2001. Kwa taaluma ni mhasibu, na sheria aliisomea akiwa tayari mama wa mabinti watatu.

Katika uchaguzi wa Julai 2016 alikuwa wa pili kwenye orodha ya chama cha Family First jimboni Kusini Australia, nafasi ambayo kwa chama kidogo huwa ya kujazia karatasi tu. Aliyeshinda ni kiongozi wa orodha, Bob Day. Lakini Aprili 2017 Mahakama Kuu iliamua kwamba Day hakustahili kuchaguliwa, kwa kuwa alikuwa na maslahi ya kifedha katika mkataba wa serikali wa kupangisha ofisi yake. Kura zilihesabiwa upya, na kiti kikawa cha Bi Gichuhi.

Mara chama cha Labor kikahoji uraia wake, kwani kifungu cha 44 cha katiba ya Australia kinamzuia mwenye uraia wa nchi nyingine kuwa mbunge. Pingamizi halikufua dafu. Chini ya katiba ya zamani ya Kenya, aliyechukua uraia wa kigeni kwa hiari alipoteza ule wa Kenya papo hapo. Uraia pacha uliruhusiwa mwaka 2010.

Jambo hili linawagusa pia wasikilizaji waliotoka kwingine. Mzaliwa wa Kinama, kaskazini mwa Bujumbura, hana kinga ya namna hiyo, maana sheria ya uraia ya Burundi ya mwaka 2000 inaruhusu uraia pacha. Akitaka kugombea, hana budi kuukana ule wa Burundi kabla ya kuwasilisha jina. Na asidhani kanuni hii imewekwa kwa ajili ya Waafrika: zaidi ya wabunge na maseneta kumi walipoteza viti mwaka 2017 na 2018, wengi wao kwa sababu ya uraia wa Uingereza.

Family First ilipomezwa na Australian Conservatives, Bi Gichuhi alikataa kuifuata, akabaki seneta huru. Kura yake ilihitajika: Juni 2017 aliunga mkono sheria ya serikali ya ufadhili wa shule. Februari 2018 alijiunga na chama cha Liberal.

Mwaka huo haukuwa mwepesi. Alirejesha zaidi ya dola 2,000 za nauli ya jamaa zake waliosafiri kuhudhuria sherehe ya siku yake ya kuzaliwa, kisha akalaumiwa kwa kusema kwamba mshahara wa dola 200,000 si fedha nyingi. Liberal walimweka wa nne katika orodha yao, na hapo hatima yake ilikuwa wazi. Alishindwa katika uchaguzi wa Mei 2019, na muhula wake ukamalizika tarehe 30 Juni.