Mbung'o Aliyeandika Darini

Ukitoka Kenyamonta, magharibi ya Serengeti, kuelekea kusini, mashamba yakishaisha na pori likishaanza, utakutana na vitambaa vya bluu na vyeusi vimetundikwa kando ya barabara za hifadhi. Ni mitego ya mbung'o. Mfugaji wa Kingoreme haulizi vina kazi gani. Mdudu huyu akimuuma ng'ombe huleta ugonjwa wa ndorobo, akimuuma mtu huleta malale.

Mdudu huyuhuyu aliwahi kusafiri mbali kuliko tunavyodhani. Machi 1934, jarida la Marekani liitwalo Weird Tales lilitoa hadithi ya "Winged Death". Iliwekwa jina la Hazel Heald, lakini sehemu kubwa aliiandika H. P. Lovecraft wa mji wa Providence, aliyekuwa akiwaandikia wenzake kwa malipo. Ni shajara ya daktari mzungu aliyeko Afrika Mashariki. Anafuga nzi wa kinamasi, ndugu wa mbung'o, ili amuue kwa siri daktari mwenzake. Wenyeji wamemwonya kwamba roho ya aliyeumwa humwingia mdudu. Mwenzake anakufa, kisha nzi mmoja anaanza kumfuata kila aendako, na mwisho anajichovya wino na kuandika darini. Karibu na kinamasi hicho yapo magofu ya mawe yaliyoachwa na viumbe waliotoka nje ya dunia, na wenyeji wanataja jina la Clulu. Huyo ni Cthulhu, zimwi mashuhuri la Lovecraft, amepewa matamshi ya kubuni ya Kiafrika.

Lovecraft hakuwahi kukanyaga Afrika, na barua zake zimejaa dharau kwa watu weusi. Hofu aliyoiuza ilikuwa ya aina moja: kwamba ulimwengu ni mkubwa mno, ni wa kale mno, wala haujui kama binadamu yupo.

Lakini mbung'o alikuwa na historia yake, na historia hiyo haikutoka nyotani. Miaka ya 1890 sotoka ilifyeka ng'ombe kuanzia Umasaini hadi ziwani. Ndui na njaa zikafuata. Watu walihama au walikufa, mashamba yakarudi kuwa vichaka, na vichaka vikamkaribisha mbung'o. Mwaka 1901 madaktari Albert na Jack Cook wa hospitali ya Mengo, Kampala, waligundua malale kwa wagonjwa wao. Miaka miwili baadaye David Bruce alithibitisha kwamba mwenezaji ni mbung'o. Robert Koch alikuja visiwa vya Sese mwaka 1906 kujaribu dawa. Hadi kufikia 1920, upande wa Uganda peke yake ulikuwa umezika zaidi ya watu 200,000, na serikali ya kikoloni ilikuwa imewahamisha wakazi wa mwambao. Katika shajara ile ya kubuni, vifo hivyo vyote ni mandhari tu.

Zimwi la Lovecraft nalo halikuishia jaridani. Mwaka 1981 kampuni ya Chaosium ilitoa Call of Cthulhu, mchezo wa Sandy Petersen unaochezwa mezani kwa dadu na masimulizi. Jipya lake lilikuwa hesabu ya akili: kila mchezaji akiona kisichopaswa kuonekana, alama za akili yake hupungua, na zikiisha hana tena njia ya kurudi. Hesabu hiyo imerithiwa na michezo mingi ya kompyuta, ukiwemo Eternal Darkness wa 2002, na hofu yenyewe imefika hadi Bloodborne wa Japani, 2015.

Kituo kinachonigusa zaidi ni Masks of Nyarlathotep, kampeni ya Call of Cthulhu iliyotoka 1984, kazi ya Larry DiTillio na Lynn Willis. Mwaka wa hadithi ni 1925. Wachezaji wanashuka Mombasa, wanapanda treni hadi Nairobi, wakitafuta ukweli wa msafara wa Kimarekani uliosemekana kuuawa Kenya. Wanandi wamekwisha kunyongwa kwa mauaji ambayo si yao. Hata Johnstone Kenyatta yumo, kabla hajawa Jomo. Kwa hilo nawashukuru waandishi: walikiona kitanzi cha mkoloni. Hata hivyo nchi zetu zimebaki kuwa mahali ambapo mgeni anakuja kupotelewa na akili. Mwenyeji mara nyingi ni kuhani wa shetani au mbeba mizigo.

Hofu ya ulimwengu usiojibu tunayo kwa lugha yetu wenyewe. Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, aliiandika katika Nagona na Mzingile, riwaya ambazo msakaji wake anatembea katika dunia iliyopoteza majibu. Na wazee wa magharibi ya Serengeti wana emisambwa, mahali penye roho za nchi. Mwanahistoria Jan Bender Shetler aliyakusanya masimulizi ya watu hao, na anaeleza kwamba baadhi ya mahali hapo palijikuta ndani ya Hifadhi ya Serengeti, iliyoanzishwa 1951. Roho hizo zinawajua watu wao kwa ukoo, na huwadai. Lovecraft hakuwa na neno kwa kitu cha namna hiyo.

Ningependa kuucheza mchezo unaoanzia Kenyamonta katika miaka ile ya sotoka. Mchezaji awe mzee wa Kingoreme. Kila jioni ahesabu ng'ombe waliosalia zizini, kisha atazame vichaka vimesogea kiasi gani.