Mgombea "Anayeuzika"

Katika siasa zetu kuna neno tamu lakini la hatari: "anauzika". Chama kinapotafuta mgombea urais, watu hawaulizi tu nani anafaa. Wanauliza nani atauzika. Utadhani urais ni tende za Ramadhani pale Darajani!

Sasa nani ajuaye bei kabla ya soko kufunguliwa? Hebu tuitazame historia.

Mwaka 1995 mkutano mkuu wa CCM, Dodoma, ulibakiwa na majina matatu. Jakaya Kikwete aliongoza kwa kura 534, Benjamin Mkapa 459, Cleopa Msuya 336. Hakuna aliyefika nusu, wakarudia wawili. Mkapa akapata 686, Kikwete 639. Aliyetangulia akaachwa! Wengi waliomtaka Msuya walikwenda kwa Mkapa. Kumbe kuongoza mkiwa watatu si kushinda mkiwa wawili.

Kisha zikaja kura za maoni za watafiti. Mwaka 2014, Twaweza waliwapigia watu simu. Edward Lowassa na Mizengo Pinda walikuwa mbele, John Magufuli nyuma sana. Lakini hata huyo wa mbele hakufika robo ya waliojibu. Mapema vile, watu hutaja jina walilolizoea masikioni, basi.

Julai 2015 jina la Lowassa likakatwa hata kabla ya mkutano mkuu. Magufuli akapata kura 2,104, Amina Salum Ali wa kwetu Zanzibar 253, Asha-Rose Migiro 59. Lowassa akahamia Chadema. Septemba, Twaweza wakasema Magufuli asilimia 65, Lowassa 25. Oktoba matokeo yakatangazwa: 58 kwa karibu 40. Mshindi walimpatia, lakini ile tofauti ya 40 ilishuka ikawa 18. Na mtu aliyekatwa na chama chake akapata kura zaidi ya milioni sita. Huyo hauziki kweli?

Na sisi huku? Simu zile zilipigwa Bara tu. Si Kiembe Samaki, si Wete, hakuna aliyeulizwa. Na hata tungeulizwa, ingesaidia nini? Oktoba 1995 Dk. Salmin Amour alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2, Maalim Seif Sharif Hamad akapewa 49.8. Kura hazikufika elfu mbili baina yao, na ugomvi wake tuliulipia miaka mingi. Kipimo kinachoweza kukosea kwa asilimia mbili au tatu hapo hakioni kitu.

Ndiyo maana, vijana wenzangu, tukisikia barazani kwamba fulani "hauziki", tuulize: kasema nani, kawauliza watu gani, lini, na wangapi walikuwa hawajaamua? Neno hilo humfungia mtu mlango kabla mpiga kura hajaamka. Tusilikubali bure bure.