Kiinimacho cha Mezani na Mpaka wa Uchawi: Historia ya Udanganyifu wa Ridhaa Mbele ya Watu Wazima

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya kiinimacho cha mezani, yaani michezo ya karata, sarafu na vitu vidogo inayofanywa hatua chache kutoka kwa watazamaji watu wazima. Hoja kuu ni kwamba kilichoupa mchezo huu heshima katika kumbi za watu wa hadhi, mikahawa na hafla za kampuni si wepesi wa mikono pekee, bali ni kauli inayomjulisha mtazamaji kuwa atadanganywa kwa ridhaa yake. Mifano inatoka Roma, Uingereza, Ufaransa, Algeria, Austria na Marekani. Sehemu ya tano inaihusisha hoja hiyo na sheria za uchawi za Afrika Mashariki, na hitimisho linatoa mapendekezo kuhusu istilahi, sheria na maonyesho.

1.0 Utangulizi

Neno kiinimacho limeundwa kwa maneno mawili, kiini na macho. Muundo wake unaliweka tukio ndani ya jicho la mtazamaji, wala si katika nguvu ya mtendaji. Neno uchawi huelekea upande wa pili: humtaja mwenye uwezo na madhara anayoweza kuyaleta. Kwa mtazamo wa lugha, basi, mpaka kati ya burudani na uchawi umekwisha kuchorwa.

Katika matumizi ya kila siku, hata hivyo, mpaka huo hufifia. Neno mazingaombwe hutumika kwa onyesho la kuwafurahisha watoto wa shule, kwa hesabu za fedha zisizoeleweka, na kwa ahadi za kisiasa zinazoyeyuka baada ya uchaguzi. Wapo pia wanaolitumia kwa maana ya uchawi usio na madhara. Neno moja linapobeba burudani, utapeli na uchawi kwa pamoja, msikilizaji hulazimika kukisia, na sheria inayotegemea neno hilo hulazimika kukisia pia.

Kiinimacho cha mezani kinalidhihirisha tatizo hili kuliko maonyesho ya jukwaani. Jukwaani kuna umbali, taa, pazia na masanduku, na mtazamaji anaweza kujiambia kuwa siri imefichwa huko. Mezani, karata imo mkononi mwake na sarafu imetoka mfukoni mwake. Maelezo ya haraka yanapokosekana, dhana ya nguvu isiyo ya kawaida huwa karibu zaidi. Kwa sababu hiyo, maneno ya mtendaji huwa na uzito mkubwa.

2.0 Vikombe, Vijipira na Kitabu cha 1584

Mchezo wa vikombe na vijipira ni miongoni mwa michezo ya kale zaidi ya aina hii inayotajwa katika maandishi. Katika karne ya 1, mwanafalsafa Seneca wa Roma aliutolea mfano katika barua yake ya 45 kwa Lucilius. Alieleza kuwa hila za wachezaji hao hazimdhuru mtu, na kwamba utamu wake hutoweka mara siri inapojulikana. Hapo tayari kuna wazo la udanganyifu ambao mdanganywa mwenyewe huufurahia.

Wazo hilo halikutosha kuwalinda watu pale jamii ilipokuwa ikiwasaka wachawi. Mwaka 1584, Reginald Scot, bwana wa kijijini kutoka Kent nchini Uingereza, alichapisha The Discoverie of Witchcraft. Shabaha yake ilikuwa kupinga mashtaka ya uchawi, ambayo mara nyingi yaliwaangukia wanawake wazee na maskini. Ili kuijenga hoja yake, alieleza jinsi vijipira vinavyofichwa kiganjani, sarafu zinavyobadilishwa na karata zinavyoongozwa. Ikiwa jambo linaloonekana muujiza linaweza kufanywa na vidole vilivyozoezwa, basi ushahidi wa macho peke yake haumtoshi hakimu kumhukumu mtu.

Umuhimu wa Scot ni wa aina mbili. Kurasa zake ni miongoni mwa maelezo ya awali kabisa ya kiinimacho yaliyochapishwa kwa Kiingereza, na wachezaji wa vizazi vilivyofuata walijifunza kwake. Jambo la pili ndilo zito zaidi: maarifa ya mchezo yaliingia katika mjadala wa umma kama kinga ya uhai wa watu. Scot hakumwona mchezaji kuwa mkosaji alimradi hadai uwezo wa Mungu wala wa shetani. Kipimo chake kilikuwa dai, si tendo.

3.0 Sanduku Moja, Kauli Mbili

Uzito wa dai unaonekana wazi katika kisa cha Jean-Eugène Robert-Houdin, fundi saa Mfaransa aliyefungua ukumbi wake wa maonyesho katika Palais-Royal, Paris, mwaka 1845. Robert-Houdin alikuwa msanii wa jukwaani, lakini kisa chake kinafaa kuangaliwa hapa kwa sababu kifaa kimoja kilitumika kwa kauli mbili tofauti. Kifaa hicho kilikuwa sanduku dogo lenye bamba la chuma chini yake. Sumaku-umeme iliyofichwa jukwaani ilipowashwa, sanduku halikuinuka. Ilipozimwa, liliinuka kwa urahisi.

Paris, sanduku hilo lilikuwa sehemu ya burudani ya jioni. Mwaka 1856, serikali ya Ufaransa ilimtuma Robert-Houdin Algeria ili kupunguza ushawishi wa viongozi wa kidini walioaminika kuwa na karama, kwa kuonyesha kuwa Wafaransa wana uwezo mkubwa zaidi. Mbele ya machifu walioalikwa Algiers, alitangaza kuwa atamnyang'anya nguvu mtu shupavu. Mtu huyo alishindwa kuinua sanduku, kisha mshtuko wa umeme ukamtimua jukwaani.

Kifaa hakikubadilika, maneno ndiyo yaliyobadilika. Kauli ya kwanza iliomba ridhaa, ya pili ilikusudia hofu. Kumbukumbu za Robert-Houdin mwenyewe zinasimulia kuwa baadaye wakalimani walipewa kazi ya kuwaeleza watazamaji kwamba yote yalikuwa ustadi usiohusiana na uchawi. Kumbukumbu hizo ni simulizi ya mtu anayejisifu, na msomaji hana budi kuzipokea kwa tahadhari. Hata hivyo, zinaonyesha kuwa utawala wa kikoloni uliitambua nafasi ya lugha: tafsiri ya mkalimani ndiyo iliyotarajiwa kuligeuza tishio kuwa mchezo.

4.0 Kutoka Sebuleni hadi Hafla za Kampuni

Mwaka uliofuata, 1857, Johann Nepomuk Hofzinser, mtumishi wa serikali jijini Vienna, alianza kuwakaribisha wageni wachache kwenye maonyesho ya nyumbani. Onyesho lake liliitwa "Saa ya Udanganyifu". Jina hilo lilikuwa tangazo tosha: mgeni alijua tangu mlangoni alichokuja kukipata. Watazamaji walikuwa watu wazima wenye elimu na hadhi, na karata ndizo zilizokuwa moyo wa sanaa yake. Aliyewahi kuchukuliwa kuwa mtu wa sokoni alipata kiti sebuleni kwa sababu hakudai zaidi ya ustadi.

Mbinu za karata, kwa upande wake, zilikuwa na jamaa asiye na sifa njema, yaani kamari. Mwaka 1902, kitabu The Expert at the Card Table kilichapishwa Chicago kwa jina la S. W. Erdnase, jina la kubuni ambalo mwenyewe hajathibitishwa hadi leo. Sehemu yake moja inaeleza mbinu za wezi wa meza za kamari, na nyingine inaeleza michezo ya kuburudisha. Vidole ni vilevile. Dai Vernon, Mkanada aliyezaliwa mwaka 1894, alikisoma kitabu hicho tangu utotoni na kuwa mwalimu mashuhuri wa kiinimacho cha mezani. Kuanzia miaka ya 1960 aliishi kwa muda mrefu akifundisha katika Magic Castle, klabu iliyofunguliwa Hollywood mwaka 1963.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaifahamu hali hii kupitia mchezo wa karata tatu, au pata potea, unaochezwa vituoni na sokoni. Mchezeshaji wa pata potea na mcheza kiinimacho wanaweza kutumia mbinu moja ya kubadilisha karata. Wa kwanza humwambia mtu kuwa ana nafasi ya kushinda. Wa pili humwambia kuwa hatashinda, na kwamba hapotezi kitu. Kinachowatenganisha ni ukweli wa kauli ya awali.

Katika karne ya 20, mchezo huu ulipata makazi mapya mahali pa chakula na biashara. Chicago ilisifika kwa wahudumu wa baa na mikahawa waliowafanyia wateja michezo ya karata, akiwemo Matt Schulien katika mkahawa wa familia yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kampuni za Marekani zilianza kuwatumia wachezaji katika maonyesho ya biashara. Eddie Tullock alijipatia jina kubwa katika kazi hiyo. Mchezaji huwasimamisha wapita njia mbele ya banda, hulifuma jina la bidhaa ndani ya maneno yake, kisha huwakabidhi watu hao kwa wauzaji.

Katika chakula cha jioni cha kampuni, utaratibu ni mwingine. Mchezaji hupita meza hadi meza wakati wageni wanakunywa na kusubiri hotuba. Hukaa dakika chache kwa kila kundi, na huondoka kabla hamu haijakwisha. Kabla ya kuanza huomba ruhusa, na akikataliwa huenda zake kwa adabu. Pete aliyoazima huirudisha nzima mbele ya wote.

Hadhira ya watu wazima ina jambo moja la pekee: hadhi. Mtoto hufurahi kupitwa na mjanja. Mkurugenzi aliyeketi na wasaidizi wake anaweza kuona kuwa ameaibishwa. Mchezaji stadi, kwa hiyo, hupanga maneno yake ili muujiza utokee mikononi mwa mgeni, na sifa imwendee huyo mgeni. Kauli kama "umechagua mwenyewe" ina kazi mbili: huficha mbinu, na papo hapo huilinda heshima ya mtu. Methali husema macho hayana pazia. Kiinimacho huonyesha kuwa umakini unalo, na kwamba pazia hilo hufumwa kwa maneno.

Ugumu huzidi katika michezo ya kusoma mawazo, inayopendwa sana na hadhira za kampuni. Baadhi ya wachezaji hueleza kuwa wanasoma ishara za uso na mwili, ilhali mbinu halisi ni nyingine kabisa. Mgeni anaweza kurudi ofisini akiamini kuwa waajiriwa wanaweza kuchaguliwa kwa kutazamwa macho. Wenyewe katika fani hawajakubaliana iwapo mchezaji anapaswa kutamka wazi kuwa anaburudisha tu. Mgogoro huo unathibitisha hoja ya makala haya: ridhaa inategemea mtazamaji ameambiwa nini.

5.0 Sheria na Dai

Sheria ya Uingereza ilichukua muda mrefu kukifikia kipimo cha Scot. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1735 iliacha kumwadhibu mtu kwa kuwa mchawi, ikaanza kumwadhibu anayejifanya kuwa na nguvu hizo. Mwaka 1944, Helen Duncan, aliyedai kuwasiliana na wafu, alitiwa hatiani chini ya sheria hiyo. Mwaka 1951 ilifutwa na nafasi yake kuchukuliwa na sheria dhidi ya wapiga ramli walaghai. Sheria mpya ilitaka uwepo wa nia ya kudanganya, na ilieleza kuwa jambo linalofanywa kwa ajili ya burudani tu halihusiki. Burudani ikapata jina ndani ya sheria.

Sheria za Afrika Mashariki zilitungwa kabla ya hatua hiyo au nje ya mkondo wake. Ya Kenya ilianza mwaka 1925 na humlenga anayejifanya kuwa na nguvu zisizo za kawaida kwa namna inayoweza kuleta hofu, usumbufu au madhara. Ya Tanganyika ilitungwa mwaka 1928, na tafsiri yake ya uchawi inajumuisha hata kudai kuwa na nguvu au maarifa ya siri. Ya Uganda, ya mwaka 1957, haihesabu kuwa uchawi ibada ya kweli ya mizimu wala dawa za asili zinazotengenezwa na kuuzwa kwa nia njema. Uganda, basi, inatoa mfano wa ndani ya kanda wa sheria inayotaja kisichokuwa uchawi.

Suala hili si la wasanii peke yao. Mwezi Januari 2015, serikali ya Tanzania ilitangaza marufuku dhidi ya waganga wanaohusishwa na mauaji ya watu wenye ualbino. Ramli chonganishi imewagharimu uhai pia wanawake wazee. Mwaka 2021, Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio dhidi ya vitendo vyenye madhara vinavyotokana na tuhuma za uchawi. Mganga tapeli anayedai kuchomoa mfupa mwilini mwa mgonjwa hutumia wepesi uleule wa kiganja aliouandika Scot. Jamii inayokijua kiinimacho kwa jina lake ina swali la kumuuliza mganga huyo.

6.0 Hitimisho

Historia iliyojadiliwa inaonyesha kuwa tendo la mkono halitoshi kuamua kama jambo ni burudani, wizi au tishio. Kauli inayoambatana nalo ndiyo inayoamua. Mapendekezo matatu yanafuata.

Kwanza, vyombo vya istilahi, ikiwemo Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, viliwekee neno kiinimacho maana ya udanganyifu wa ridhaa kwa ajili ya burudani, na viliache neno ulaghai lisimamie udanganyifu usio na ridhaa. Mazingaombwe libaki neno pana la mtaani, lakini lisitumike katika matini za kisheria.

Pili, mapitio yoyote ya sheria za uchawi yazingatie dai, nia na athari, na yaitaje burudani waziwazi. Kifungu hicho kisiwe kichaka cha mpiga ramli anayejiita msanii; ushahidi wa alichowaambia watu kabla ya tendo utumike kuwatofautisha.

Tatu, waandaaji wa hafla za kampuni na maonyesho ya shule wamtake mshereheshaji amtambulishe mchezaji kwa jina la kazi yake. Sentensi moja inatosha: kwamba wageni wataona ustadi wa mikono na maneno, wala si nguvu nyingine. Sentensi hiyo haipunguzi mshangao, kama Hofzinser alivyoonyesha alipoliandika neno udanganyifu katika jina la onyesho lake na wageni wakaja.