Neno la Asubuhi Chini ya Mlima Meru

Desturi ya Kiyahudi iitwayo Daf Yomi, yaani kusoma kila siku ukurasa mmoja wa Talmudi, mkusanyo wa mijadala ya marabi kuhusu sheria na maisha, hadi kurasa 2,711 zimalizike, ilipendekezwa na Rabi Meir Shapiro mjini Vienna mwaka 1923. Huko Meru na Arusha, desturi iliyo karibu nayo ni sala ya asubuhi ya Walutheri, ambao historia yao ilianza kwa damu: wamisionari wa Misheni ya Leipzig ya Ujerumani, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri mwezi Oktoba 1896, na kituo cha Nkoaranga kikafunguliwa mwaka 1902. Katika sala hiyo, ambayo hadi leo hutangulia kazi katika taasisi nyingi za Kanisa, wimbo wa kitabu cha Mwimbieni Bwana huimbwa, kifungu kifupi cha Biblia husomwa, kisha msomaji, ambaye si lazima awe mchungaji, hueleza kinavyogusa deni lisilolipwa, ugomvi wa mpaka wa shamba au uzembe kazini. Tofauti ni kubwa, hata hivyo, kwani Talmudi hudai mabishano, ilhali waliokaa kwenye mabenchi asubuhi, pengine kwa hasara yao, husikiliza tu.